Kosa la Kukimbia Sana

Jumapili ya mwisho ya Februari, au mara nyingine ya kwanza ya Machi, Moshi mjini huamka kwa mbio. Imekuwa hivyo tangu 2003. Umati hujaa uwanjani Chuo Kikuu cha Ushirika, watoto hupanda ukutani, akina mama wa ndizi na maji hupanga biashara kando ya lami. Wakimbiaji wa kilomita 42 hutoka kwanza kuelekea barabara ya Dar es Salaam, ambako ni tambarare, kisha hurudi mjini na kuanza kupanda Mweka. Waulize waliowahi kuikimbia, watakwambia mbio inaanzia hapo. Lami inainuka katikati ya migomba, kifua kinabana, na waliomaliza nguvu bondeni hubaki wakitembea.

Wanawake wa mbele hawatembei. Wengi ni Wakenya waliovuka mpaka, wamechanganyika na Watanzania wa Arusha, Mbulu na Singida, na kila mwaka huwaacha nyuma wanaume wengi mno. Vigelegele vinapigwa. Na katikati ya vigelegele lazima itoke sauti, kwa kawaida ya kijana aliyeegemea bodaboda: "Aa, huyo siyo mwanamke huyo!"

Watu hucheka, naye mkimbiaji anakwenda zake. Ukifikiri vizuri, ni kauli ya ajabu kusemwa kwenye miteremko hii. Mwanamke wa Kibosho hushuka tambarare alfajiri kukata majani ya ng'ombe, akayapandisha kichwani mzigo ambao wanaume wawili wangebishana nani aubebe, na hakuna anayemuuliza kama ni mwanamke. Nguvu zake hazimsumbui mtu kwa sababu hazina medali wala hundi. Swali huzuka siku mwanamke anapolipwa kwa nguvu hizo.

Zamani kauli ya kijana yule ilikufa palepale barabarani. Leo ana simu. Anampiga picha mkimbiaji mikono ikiwa imekakamaa na mishipa ya shingo imesimama, anaandika maneno matatu chini yake, na kabla washindi hawajavishwa medali picha iko kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Majengo hadi Muscat. Mjadala mkubwa wa dunia, ule wa nani aruhusiwe kushindana na wanawake, umetufikia kwa njia hii. Hatukuusoma kwenye kanuni, tuliupokea kama picha.

*

Agosti 22, 2021 kauli kama ya kijana yule ilitoka juu kabisa. Ikulu jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akiipongeza timu ya wanaume ya chini ya miaka 23 iliyotwaa kombe la CECAFA. Akawagusia wachezaji wanawake. Alisema ukiwapanga mstari, wale wenye vifua bapa unaweza kudhani ni wanaume. Alisema anayetaka kuoa hutafuta mwenye mvuto, na kwamba kwa wengi wao sifa hizo zimetoweka. Kisha akauliza maisha yao yatakuwaje miguu itakapochoka.

Swali la mwisho lilikuwa la haki kabisa, na lilistahili mjadala wa wiki nzima. Mchezaji wa kike wa Tanzania hustaafu akiwa na nini? Bima ipi, mkataba upi, kazi gani? Lakini hakuna aliyelijadili. Kilichosambaa ni vifua. Catherine Ruge wa Chadema aliandika Twitter kwamba kauli ile ni udhalilishaji kwa wanawake. Mwanaharakati Maria Sarungi Tsehai akashangaa rais mwanamke kuwashusha wachezaji wanawake. Upande wa pili wakaja watetezi, na nyuma ya watetezi wakaja wachekeshaji, na wachekeshaji ndio wenye picha. Ghafla wasichana waliokuwa hawajulikani nje ya viwanja vya mikoani walikuwa wakipimwa nyuso na watu ambao hawajawahi kulipa kiingilio kutazama mechi yao hata moja.

Oktoba 9 mwaka huohuo, siku zisizofika hamsini baadaye, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, waliifunga Malawi 1–0 huko Afrika Kusini na kurudi na kombe la COSAFA. Vijembe vya vifua vikatulia kwa muda.

Sidhani Rais alibuni kitu. Alitamka kwenye kipaza sauti kinachosemwa vijiweni kila siku, na wengi waliomlaani mtandaoni wana binti au mdogo wao wa kike waliyemkataza mpira kwa maneno yaleyale. Tofauti ni kwamba neno la kijiweni haliingii kwenye vichwa vya habari vya dunia. Kinachonivutia kwenye tukio lile ni jinsi lilivyochanganya haraka mambo matatu: ustawi wa mchezaji, umbo lake, na shaka juu ya jinsia yake. Yote matatu, ndani ya hotuba moja.

*

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo simu zetu huyakoroga pamoja.

Kuna wanawake waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa na kulelewa kama wavulana, kisha wakaja kuishi kama wanawake. Katika michezo ya kimataifa ni wachache sana. Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua vyuma, alifika Olimpiki ya Tokyo 2021 akashindwa majaribio yake yote matatu. Lia Thomas, muogeleaji wa chuo kikuu Marekani, alishinda taji la vyuo mwaka 2022 na kuamsha kelele ambazo hazijaisha. Tangu Machi 31, 2023 Shirikisho la Riadha Duniani limewazuia wote waliopitia balehe ya kiume kushindana upande wa wanawake katika mashindano yake.

Halafu kuna wanawake waliozaliwa wakaandikwa wasichana, wakavaa sare za wasichana, wakaitwa dada na shangazi, ila miili yao ina tofauti za ukuaji wa kijinsia: kromosomu, tezi au homoni zao hazikufuata njia iliyozoeleka. Wengi hawajui mpaka daktari awaambie. Hawa hawakubadili chochote. Na ukitafuta sura ya Afrika Mashariki katika mjadala huu wote, utaikuta hapa.

Rio, Agosti 2016, fainali ya mita 800 wanawake. Caster Semenya wa Afrika Kusini wa kwanza kwa 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, Margaret Nyairera Wambui wa Kenya wa tatu. Medali zote tatu zilikuja Afrika, mbili kati yake kwa majirani zetu. Bujumbura na Nyeri walisherehekea. Kwingineko lilipamba moto swali la jinsia, ambalo halijawaacha wale watatu mpaka leo. Mwaka 2018 shirikisho likaweka kikomo: mwanamke mwenye tofauti hizo asizidi nanomoli 5 za testosteroni kwa lita moja ya damu akitaka kukimbia kati ya mita 400 na maili moja. Semenya alipinga, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamkatalia Mei 2019. Wambui hakukubali kumeza dawa za kupunguza homoni na akapotea viwanjani. Baadaye alipendekeza kuwe na kundi la tatu la mashindano. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021 huko Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Machi 2023 mlango huo nao ukafungwa: kikomo kikashushwa hadi nanomoli 2.5, kwa mbio zote, kwa miezi 24 mfululizo.

Lakini anayetuhusu zaidi ni Annet Negesa, kwa sababu yeye hakuwahi kufika kwenye fainali ya kujadiliwa. Alitoka Uganda. Mwaka 2011 alishinda mita 800 kwenye Michezo ya Afrika mjini Maputo. Mei 2012 huko Hengelo alikimbia 1:59.08, rekodi ya taifa. Alikuwa na miaka 20 na tiketi ya Olimpiki ya London, ndipo simu ikapigwa: homoni zimezidi, hutakimbia. Alipelekwa Ufaransa kupimwa. Novemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji Kampala. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani ni jambo dogo kama sindano. Alipozinduka alijikuta na majeraha tumboni, tezi zimeondolewa. Hakupewa matibabu ya homoni yanayotakiwa baada ya upasuaji wa aina hiyo. Maumivu ya viungo na kichwa yakamwandama, nafasi yake ya masomo ikaenda, meneja akamwacha. Shirikisho la dunia limekana kwamba lilihusika kumpeleka kwenye kisu. Mwaka 2019 alizungumza na televisheni ya Ujerumani, ARD, na jina lake lilipokwisha kujulikana hakuweza tena kurudi nyumbani. Ujerumani ilimpa hifadhi.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi mbele ya watu wa riadha, na kila mara mtu huuliza: viongozi wa Uganda walikuwa wapi? Binti wa miaka 20, hana wakili, Kiingereza chake si cha hospitali, anaambiwa kwa simu kuwa mwili wake umekataliwa. Nani alikaa naye kitini kumweleza?

*

Sasa nitawaudhi baadhi ya waliokuwa wakinikubalia. Kundi la wanawake katika michezo lina mpaka, na lazima liwe nao. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ni 1:40.91 ya David Rudisha, mtoto wa Kilgoris. Ya wanawake ni 1:53.28 ya Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia, ya tangu 1983, nayo imezungukwa na shaka zake. Tofauti ni karibu asilimia 12. Pengo hilo huletwa zaidi na balehe, na halizibiki kwa mazoezi. Ukiondoa mpaka, wasichana wetu watakimbia mbio za kushika nafasi ya mia tatu. Mwalimu yeyote aliyewahi kupeleka timu UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, anajua mamluki ni nini, anajua uchungu wa mtoto wa darasa la sita kupitwa na jitu lenye ndevu lililoazimwa shule ya jirani. Msichana anayesema "nataka kushindana na walio kama mimi" hana chuki na mtu. Anataka haki yake.

Sayansi ya mahali hasa pa kuuchora mpaka, hata hivyo, si imara kama inavyotangazwa. Utafiti wa 2017 uliotumika kutetea kikomo cha homoni ulirekebishwa na waandishi wake wenyewe mwaka 2021: wakakiri kwamba haukuthibitisha kuwa homoni ile ndiyo iliyoleta ushindi. Zama za nyuma hazitii moyo zaidi. Miaka ya sitini wanawake walikaguliwa kwa macho, wakavuliwa. Baadaye vikaja vipimo vya kromosomu. Atlanta 1996 wanawake wanane kati ya zaidi ya 3,000 walikutwa na tofauti, na wote wakaruhusiwa. Kipimo kikaachwa mwishoni mwa muongo ule.

Kimerudi. Tangu Septemba 1, 2025 mwanamke anayetaka kushindana kwenye mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe mara moja jeni iitwayo SRY, kwa kupangusa shavu ndani au kwa damu. Huko Ufaransa, ambako sheria hairuhusu vipimo vya namna hiyo, wanariadha walilazimika kwenda kupimwa nje ya nchi. Profesa Andrew Sinclair, Mwaustralia aliyeigundua jeni hiyo mwaka 1990, ameandika kwamba haifai kutumika kuamua jinsia ya mtu, kwa sababu inaonyesha tu kwamba jeni ipo. Haisemi mwili umeitumiaje. Kwenye mashindano ya dunia ya mwezi huohuo mjini Tokyo, Septemba 15, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu ya marathoni. Hakuna aliyemuuliza habari za jeni.

Hebu tukilete kipimo hiki mlimani. Binti wa Rombo wa miaka 17, kasi ameipata kwa kwenda shule kwa miguu. Hajavunja ungo, mama yake amemwambia asubiri, hata shangazi alichelewa. Anachaguliwa timu ya taifa, anapangusa shavu, majibu yanakuja. Huenda mwili wake hauisikii testosteroni hata kidogo, na wa namna hiyo kanuni zinawaruhusu kushindana. Ila bahasha imeshafunguliwa. Aliyeisoma ni nani? Imepita kwenye meza ngapi? Hospitali ya KCMC iko hapo juu ya mji, na daktari wa kumweleza kwa utulivu anaweza kupatikana huko. Lakini bahasha ya michezo haipiti kwa daktari, inapita kwa viongozi wa chama, na viongozi wana madereva, na madereva wana magrupu. Kwa watu wetu, ambao kwao mwanamke bado huhesabiwa kwa watoto, habari kwamba binti wa fulani hatazaa inamharibia maisha kabla hata ya kuzungumzia mbio.

Tunayo sheria inayoweza kumlinda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Kabla Riadha Tanzania haijamtuma msichana mwingine kupangusa shavu, ningependa kuona waraka wa ukurasa mmoja: nani anapokea majibu, anayahifadhi wapi, msichana anashauriwa na nani na kwa lugha gani.

*

Agosti 1, 2024, Paris. Angela Carini wa Italia aliacha pambano la ndondi dhidi ya Imane Khelif wa Algeria baada ya sekunde 46. Klipu ilifika Moshi kabla ya chakula cha jioni, ikiwa na maelezo kwamba mwanaume amempiga mwanamke. Khelif alizaliwa na kulelewa msichana, katika nchi ambayo sheria yake haikubali mtu kubadili jinsia. Shirikisho la ndondi la IBA lilikuwa limemwondoa mwaka 2023 kwa vipimo, Kamati ya Olimpiki ikamruhusu, na hapo palikuwa na hoja halisi ya kubishania: kipimo gani, cha nani, kwa kanuni ipi. Watu kama Elon Musk na J.K. Rowling, wenye wafuasi kwa mamilioni, walichangia upande mmoja kwa sauti kubwa, na Khelif aliwataja wote wawili katika malalamiko ya unyanyasaji wa mtandaoni aliyofungua Ufaransa. Kwenye magrupu yetu hoja ile ya vipimo haikufika kabisa. Ilifika picha.

Shirikisho la Riadha Duniani liliwahi kupima matusi yaliyowaelekea wanariadha 161 kwenye Twitter wakati wa Olimpiki ya Tokyo. Asilimia 87 ya maudhui ya matusi yaliyobainika yaliwalenga wanawake. Asilimia 63 yaliwaangukia wanariadha wawili tu, wote wanawake weusi.

Kwetu tusi hilo lina uzito wa ziada. Kanuni ya Adhabu inaweza kumfunga mtu maisha kwa mapenzi ya jinsia moja, na Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, wakiwemo wa mitandaoni; serikali kuu ikajitenga na tangazo hilo. Katika mazingira hayo, kuandika chini ya picha ya mchezaji kwamba "siyo mwanamke huyo" kunaweza kumfanya afukuzwe chumba alichopanga. Na wale waliobadili jinsia, ambao mjadala unadaiwa kuwahusu, hawawezi hata kuinua mkono kusema wanaonaje. Wanajadiliwa kama watu waliokwisha kufa.

Mtu atasema: basi sheria ifanye kazi. Ipo, tena kali. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Tatizo ni mwelekeo wa rungu. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, ilimpa mtu faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka mitatu kwa kumkashifu Rais John Magufuli kwenye Facebook. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini, na maelezo ya serikali yakataja picha za ngono. Rungu likiinuliwa hutafuta anayeudhi wakubwa. Sina hamu ya kuliona likiongezewa uzito kwa jina la wasichana wanaokimbia, kwa sababu wa kwanza kupigwa nalo atakuwa mwandishi atakayeuliza zile bahasha ziko wapi.

Ninachokiona kinawezekana ni kidogo zaidi. Mpaka wa Holili, kati yetu na Kenya, una ofisa, una daftari, na aliyekataliwa anajua dirisha la kulalamikia. Mpaka wa kundi la wanawake nao ufanane na huo. Kwenye mpira anayekata rufaa dhidi ya mchezaji huandika barua, hutia saini, hulipa ada, na akishindwa fedha haimrudii. Mwenye shaka ya kweli juu ya mkimbiaji na afuate njia hiyo, kwa siri, kwa daktari wa shirikisho. Kanuni za dunia zenyewe zinasema hivyo: zimeandika wazi kwamba kumwandama mwanariadha au kumfanyia kampeni kwa sababu tu umbo lake halifanani na picha ya mwanamke iliyozoeleka ni kosa la maadili. Ukiukaji huo una adhabu kwa makocha, kwa viongozi na kwa wanariadha wenzake. Kijana wa bodaboda pale njia ya Mweka hayumo kwenye orodha hiyo; yeye si mwanachama wa chama chochote, na bando lake ni la saa 24.